Mazoezi Yaliyosikika Dirishani

Mtangazaji wa redio alipokuja kwetu mara ya kwanza alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Shikamoo Bi Kidomo," kisha machozi yakamlengalenga. Mtu mzima mwenye kitambi na funguo za gari, anataka kulia kwa sababu amemwona mshona sare za shule. Nilimwitikia marahaba, nikamsogezea kiti upande wangu wa kulia, maana sikio la kushoto halisikii.

Alikuwa na karatasi. Kampuni yake ilitaka kuchapa upya santuri zetu tatu za vikaragosi, zile za watoto, zilizokuwa zikilia kila nyumba yenye gramafoni wakati yeye na wenzake wakiwa wadogo. Mume wangu alishatia sahihi kabla chai haijapoa. Lakini sauti ya Bi Kidomo ni yangu, na bila mimi kukubali kwa maandishi santuri zisingetoka. Mtangazaji aliniambia hivyo mwenyewe, kwa adabu kabisa.

"Ukikataa, mama, basi. Hatuna la kufanya."

Sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kuniambia neno kama hilo. Nikamjibu kwamba nitafikiri, arudi Jumamosi saa tisa. Mume wangu alikuwa anatabasamu, na vidole vyake vilikuwa vinapiga piga goti.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuona, maonyesho yetu yalikuwa hivi. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa nyuma ya soko, tulisimamisha kibanda cha mbao chenye pazia jekundu. Mume wangu alivaa Mzee Gogo mkono wa kulia. Mzee Gogo alikuwa na kichwa cha mti mgumu, taya linalofunguka na rungu lililoshonewa kiganjani. Mimi nilivaa Bi Kidomo, mkewe. Hadithi ilikuwa ni ile ile kila wiki. Bi Kidomo anaunguza kitu, au anapoteza kitu, au anasema sana, na Mzee Gogo anampiga. Askari akija kuamua ugomvi, anapigwa. Daktari akija kumtibu askari, anapigwa. Siku moja alikuja fundi wa majeneza kuchukua vipimo, akapigwa mpaka akaingia mwenyewe ndani ya jeneza. Watoto mia tatu walisimama juu ya viti wakipiga kelele, "Mpige! Mpige!" Mimi niliwasikia nikiwa chini ya kibanda, nimepiga magoti, mkono juu.

Mume wangu nilimpata kwa mzaha. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nakaa kwa shangazi yangu, nashona magauni barazani kwenye duka la mtu. Shule sikuikanyaga; shangazi alisema cherehani haimuulizi mtu cheti. Siku moja akaja mwanamume mrefu amebeba kichwa cha mti ndani ya kikapu, anataka kishonewe gauni.

Nikamuuliza, "Na huyu bibi harusi wako, kiwiliwili amekiacha kwao?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Rudia," akasema. "Sema tena hivyo hivyo, usibadilishe." Nikarudia, na yeye akakivaa kile kichwa, akakifungua mdomo sawasawa na maneno yangu. Nikaona kitu cha mti kinasema kwa sauti yangu, na nikakipenda. Aliyekuwa akisema sauti ya Bi Kidomo kabla yangu, mwanamume mmoja mwembamba, alikuwa ameondoka wiki ile bila kuaga. Nilipokuja kujua sababu ya kuondoka kwake nilikuwa nimeshaolewa.

Sitadanganya: miezi ya mwanzo nilikuwa na raha. Nilishona nguo zote za vikaragosi upya. Nilibuni maneno ambayo yeye hakuyafikiria. Ukumbini kofi la Mzee Gogo lilikuwa ni mbao mbili nyembamba zilizounganishwa kwa ngozi. Unazipiga moja juu ya nyingine chini ya pazia, pa, na kikaragosi kinaanguka. Hakuna aliyeumia ila kiwiko changu.

Halafu tukaitwa kurekodi santuri ya kwanza.

Chumba hakikuwa na dirisha, na kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Fundi mitambo alikaa nyuma ya kioo na visikilizio masikioni. Mbao zetu alizikataa pale pale. "Zinapasua sauti," akasema. "Zinasikika kama mlango. Leteni kingine." Wakajaribu mkanda juu ya mfuko wa unga, kitambaa kibichi mezani, na mume wangu akajipiga pajani mpaka paja likawa jekundu. Kila mara fundi alitikisa kichwa.

"Kofi lina nyama ndani yake, mzee wangu," akasema, na wote wawili wakacheka.

"Hebu," mume wangu akasema. Akanigeukia, akanizaba.

Sikuwa nimejiandaa. Nilijigonga kwenye trei za mayai nikaanguka nazo. Nilipoinuka nilimwona fundi mitambo amesimama nyuma ya kioo, uso umemng'aa kama mtu aliyeokota pete. "Hilo! Hilo ndilo! Usisogee, dada, rudi pale pale ulipokuwa!"

Upande ule wa santuri ulikuwa na makofi tisa. Tuliurudia mara tatu, kwa sababu mpiga filimbi alikuwa na kikohozi. Bi Kidomo alitakiwa kuhesabu makofi kwa madaha, moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Mara ya tatu sikio la kushoto lilikuwa linapiga mluzi, nuru inazimika na kurudi, na nikahesabu nilivyoweza: "Moja! Mbili! Tano! Tisa! Nne! Ngoja, umeruka moja!" Fundi mitambo alicheka mpaka akavua visikilizio. Akasema hiyo ndiyo inabaki.

Ikabaki. Nchi nzima watoto wakahesabu hivyo. Walimu walilalamika redioni kwamba darasa la kwanza linasema tano kabla ya tatu. Mume wangu aliulizwa aliwaza vipi jambo la kuchekesha namna ile, akasema linatokana na kuwasikiliza watu wa kawaida. Kwenye jalada liliandikwa jina lake, na chini yake, kwa herufi ndogo, "na wenzake".

Siku ile tulipotoka studio alininunulia soda baridi, akaniambia niiweke shavuni kwanza, ndipo niinywe.

Ukumbini aliendelea na mbao, maana ukumbini palikuwa na watu. Nyumbani ndiko alikojizoeza. Hakunipiga kama wanaume wengine wanavyopiga, kwa hasira na matusi. Alikwenda kwenye sanduku, akamvaa Mzee Gogo taratibu, akafunga vifungo vya mkono wa kikaragosi. Nikisikia vile vifungo nilijua. Halafu sauti nene ya Mzee Gogo: "Kidomo! Shati langu liko wapi?" Kichwa cha mti kilinivunja mtulinga. Kilinitoa meno mawili ya nyuma. Baadaye alikivua, akakirudisha sandukuni, akasema, "Si mimi. Ni Mzee."

Nikimjibu kwa sauti yangu mwenyewe, nikimwambia acha, unaniumiza, alizidisha. Nikimjibu kwa sauti ya Bi Kidomo, na mzaha juu yake, wakati mwingine kicheko kilimshika, mkono ukalegea, yakaisha. Kwa hiyo nilijifunza kuchekesha huku napigwa. Nikiwa pembeni ya kabati na damu mdomoni nilisema, "Polepole mzee, hilo ndilo shavu langu la kwendea harusini!" Nilipata mizaha mizuri zaidi ya ile ya kwenye santuri. Hofu ilinifundisha kazi kuliko yeye.

Na dirisha letu lilikuwa linatazama uchochoro.

Watoto waligundua upesi. Wakisikia sauti nene ya Mzee Gogo wanaitana, wanakuja mbio, wanajipanga chini ya dirisha na kukaa chini. Wanacheka. Wanahesabu pamoja nami. Mama zao nao walisogea milangoni, mikono kiunoni. Kesho yake jirani wa mkono wa kulia ananiambia, "Mwenzangu, jana mazoezi yenu yalikuwa marefu! Mbavu hazina kazi!"

Siku moja nilimwingiza ndani nikavua blauzi, nikamgeuzia mgongo. "Pole," akasema. "Kumbe kazi ya sanaa nayo ina mateso yake." Akanipa mafuta ya kuchua. Nayo nayakumbuka, yalinuka kambare.

Polisi pia nilikwenda. Nilikwenda kwa miguu, jicho moja limefumba. Askari wa mezani aliposikia sauti yangu aliruka kwenye kiti. "Bi Kidomo! Wewe ndiye Bi Kidomo mwenyewe?" Akawaita wenzake kutoka chumba cha nyuma. "Na mimi nina malalamiko, mama! Mzee Gogo alimpiga askari wiki iliyopita, mbele ya watoto wangu!" Wakacheka. Wakaniomba nihesabu. Walikuwa wanne, wamenizunguka, nyuso zao zina furaha ya kweli, hata ubaya hawakuwa nao. Nikawahesabia. Nikarudi nyumbani.

Nilizaa mtoto mmoja, binti. Baba yake hakumgusa hata kwa ukucha. Alimchongea wanyama, alimbeba mabegani, na alipoanza shule mimi nilijifunza kusoma kwenye madaftari yake, nikiyafunika kwa karatasi za ruwaza, zile za kukatia nguo, mume wangu akiingia. Tangu ajue kutembea, sauti ya Mzee Gogo ikianza alitoka nje kukaa na wenzake dirishani. Sikumzuia. Niliona heri acheke.

Miaka ikapita, ukumbi ukawa ghala la viti. Watoto wakapata mambo mengine ya kutazama. Mume wangu alikaa nyumbani akila jasho langu la sare za shule, na mkono wake ukawa mzito kunyanyuka, si kwa huruma, kwa uzee. Nilidhani yamekwisha.

Sasa nirudi kwa mtangazaji. Siku ile ya kwanza alipokuwa anaondoka alisimama nje na kulitazama dirisha letu kama mtu anayetazama kaburi la mama yake.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakaa," akaniambia. "Hapa hapa, mgongo ukutani. Zile ambazo hazikutoka kwenye santuri ndizo zilikuwa bora, mama, nakuapia. Kuna moja sijaisahau mpaka leo. Ile ya Bi Kidomo kuangusha sufuria la maji ya moto. Ulisema, 'Sasa mzee umeniogesha bila sabuni!' Tulicheka siku nzima. Kwa nini hamkuirekodi?"

Nilimwambia sikumbuki. Aliagana na mume wangu kwa kukumbatiana.

Ile ya sufuria ilikuwa hivi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliponipiga rungu la mbavu nilishika sufuria ili nisianguke, likaja nami. Maji yaliniunguza kutoka kiunoni kwenda chini. Nilisema ule mzaha kwa sababu alikuwa anainua mkono tena, na akacheka kweli, akaacha. Jioni mtoto alitoka, wa kiume. Mkunga aliandika kwamba mama alijimwagia maji jikoni.

Kwa hiyo Jumamosi ilipofika nilikuwa nimeshaamua.

Binti yangu alikuja mapema na mwanawe, msichana wa miaka minne. Alikuwa na furaha kuliko sote. Santuri ya pili anaijua yote kwa moyo, na ndiyo aliyokuwa akimlazia mtoto wake, imekwaruzika mpaka inaruka. Alitaka mpya. Alikuwa jikoni anaandaa chai ya mgeni, mimi chumbani napiga pasi gauni la Bi Kidomo, maana mgeni alisema atapiga picha. Pasi yetu ni ile ya mkaa, nzito. Mume wangu akaingia na karatasi, akafunga mlango.

"Tuimalize kabla hajafika," akasema. "Tusimwoneshe kwamba kuna maneno maneno."

"Sitii sahihi," nikasema.

"Sahihi?" Alicheka. "Wewe sahihi umeijulia wapi? Wewe ni mtu wa dole." Akatoa mfukoni kikopo bapa cha wino wa muhuri, kipya.

"Nimeisoma hiyo karatasi. Nimeisoma yote. Sauti yangu siitoi."

Nadhani kilichomuuma si kukataa. Ni kusoma. Alinitazama kama vile cherehani ndiyo iliyosema.

"Watu wanasubiri miaka hii yote," akasema. "Wananipenda. Nina nini kingine mimi? Niambie. Nina nini?" Sauti ilimtetemeka, na kwa mara moja tu nilimwonea huruma. Kisha akabadilisha sauti. Hakuwa na kikaragosi mkononi, lakini ilikuja nene, kutoka kifuani: "Kidomo! Lete dole!"

Akanizaba. Na mimi, Mungu shahidi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa mazoea ya miaka, nikasema kwa sauti ya Bi Kidomo, "Dole gani mzee, mbona yote ni mafupi!"

Jikoni binti yangu aliangua kicheko. "Haya, wazee wameanza! Njoo mwanangu, njoo usikie! Babu na bibi wanafanya mazoezi!" Kofi la pili likanipata. "Mpige!" binti yangu akaitikia kutoka huko, anacheza, na sauti ndogo ya mjukuu wangu ikafuata, "Mpige! Mpige!"

Mume wangu alinikata mtama, nikaenda chini. Akaweka goti juu ya mkono wangu wa kulia, kwenye kiwiko, kwa uzito wake wote. Ana miaka sitini na minane lakini amechonga mti maisha yake yote, vidole vyake ni koleo. Alikichovya kiganja changu kizima kwenye kile kikopo. Nilifumba ngumi. Akaifungua kidole kimoja kimoja. Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia chumvi, akanipiga kichwa sakafuni, akalishika dole gumba na kulivuta kulia, kushoto, nami nalikunja, akalivuta kwa nyuma, likalia kama kijiti. Halafu akalikandamiza kwenye karatasi. Halikuwa na nguvu tena ya kukataa.

Nilichokifanya kilifanywa na mkono wa kushoto. Ulikuwa huru. Ulipata mpini wa pasi pale chini nilipoiangusha. Nilimpiga nayo gotini, lile lililokuwa halijanikalia, na alipojikunja nikampiga begani, na tena begani, makaa yakamwagika, na alipoinua kiganja kujikinga nikakipata kiganja. Nilisikia mfupa. Nilitaka kuendelea, wala sisemi hivyo kwa kutubu. Alipiga ukelele mwembamba ambao sikuwahi kuusikia kwake, miaka yote hiyo alikuwa ananisikia mimi tu.

Mlango ulifunguliwa. Alisimama mjukuu wangu. Alitazama babu yake chini, akatazama mimi na pasi, akapiga makofi, anangoja tuendelee.

Nyuma yake akaja binti yangu, kijiko mkononi, bado anacheka. "Jamani nyie wazee, mtavunja ny..."

"Mazoezi," mume wangu akasema kutoka sakafuni. "Ni mazoezi tu, mwanangu. Mama yako amepitiliza."

Binti yangu alikanyaga makaa yaliyokuwa yanaunguza mkeka, moja moja, bila kuyatazama. Alikuwa analitazama dole langu, lililolala upande, limeelekea mahali ambapo dole halielekei. Alitazama wino mpaka kiwikoni na alama ya goti juu yake. Nikaona anahesabu, si makofi, miaka.

"Mama," akasema. "Na yale mengine?"

"Yepi?"

"Ya zamani. Ya dirishani."

"Yote," nikasema.

"Ya sufuria?"

"Yule angekuwa mdogo wako."

Alikaa chini pale pale mlangoni. Alimvuta mtoto, akamficha uso kifuani. "Nilikuwa nje," akasema. "Wenzangu walikuwa wanapiga kelele, mimi nikawaambia nyamazeni, tusikie vizuri." Kisha alinigeukia kwa hasira, na hasira hiyo mpaka leo haijaisha yote. "Kwa nini hukupiga kelele? Mama, kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilipiga," nikamwambia.

Mtangazaji alifika saa tisa kamili na mpiga picha. Binti yangu alimwacha mpiga picha nje. Mgeni alimkuta mume wangu amelazwa kitandani, kiganja kimefungwa kwa kanga, anaguna, na mimi nimekaa kwenye kiti cha cherehani, dole limefungwa kwenye kijiti. Karatasi ilikuwa mezani. Ilikuwa na dole langu, limetambaa kidogo, lakini linaonekana.

"Dole lipo," mume wangu akasema kutoka kitandani. "Chukua. Kazi imekwisha."

Mtangazaji aliichukua. Aliitazama, akanitazama kijiti, akatazama sakafu. Si mjinga. "Mama, hili dole ni lako?"

"Ni langu. Mwenye kuliweka si mimi."

Nikamweleza. Sikumweleza kwa uchungu, nilimweleza kama ninavyompimia mteja nguo: hapa mtulinga, hapa meno, hapa sikio. Nikamwambia santuri ya kwanza upande wa pili ni makofi ya kweli, yote tisa. Nikamwambia na ya sufuria. Aliposikia ya sufuria aliweka mkono mdomoni, akauacha hapo.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mama, kwetu baba alikuwa anapiga bila kusema neno. Kimya. Sisi tulikuwa tunakimbilia hapa kwa sababu hapa kulikuwa na kicheko. Nilidhani ndivyo nyumba nzuri inavyokuwa."

Nikamsogezea chai kwa mkono wa kushoto.

"Kuna mashine siku hizi," akaendelea, karibu kuniomba. "Tunaweza kuyatoa makofi. Yabaki maneno yako tu. Watu wasikie wewe ulivyokuwa hodari."

"Na hao watoto watacheka nini?" nikamuuliza. "Mwanamke anayelia peke yake?"

Mume wangu aliinuka kwa kiwiko. "Usimsikilize! Mwanamke huyu kila kitu anakifanya kikubwa! Watu wangapi walipigwa wakati ule, nani alikufa?"

Hapo mtangazaji akaichana karatasi. Aliichana mara mbili, akakosa pa kuitupa, akaitia mfukoni mwake. Alivaa viatu vyake mlangoni bila kuniaga, kwa kushindwa kuniangalia. Nilimsikia anamwambia mpiga picha awashe gari.

Redioni walitangaza kwamba santuri hazitatoka kwa sababu za kifamilia. Mume wangu yuko kwa dada yake, anachechemea, anawaambia watu nilirukwa na akili. Wengi wanamwamini. Sokoni wananiita mchoyo. Mama mmoja alichukua sare za wanawe watatu zikiwa nusu, akasema hawezi kumpa kazi mtu aliyewanyima wanawe zile santuri alizokua nazo yeye. Binti yangu anakuja, anakaa, anashona vifungo ninavyoshindwa kushona kwa dole hili. Hatuzungumzi sana. Siku nyingine anaanza kuuliza swali, anaacha katikati.

Santuri zile za zamani najua mnazo. Ziko kabatini kwenu, chini ya magazeti, na siwezi kuingia nyumba za watu kuzichukua. Ziwekeni mkitaka, na mkitaka kucheka chekeni, yule mpiga filimbi alikuwa mzuri sana. Ila mkinikuta njiani msinishike mkono na kuniambia jinsi tulivyokuwa na raha wakati ule. Nyinyi mlikuwa na raha. Mimi nilikuwa ndani.